Msimulizi Asimame Wapi

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Muuza barafu aliyesimama na mkokoteni wake karibu na kituo cha mafuta anachomwa kisu. Kwa zaidi ya saa nzima maiti yake inalala barabarani, maji ya barafu yakiidondokea. Polisi wanafika, wanaiondoa. Barafu na damu vinabaki palepale. Linapita gari la farasi, ndani yake mama na mwanawe mdogo. Mtoto anaona lile bonge jekundu linavyong'aa, anamvuta mama yake nguo amwonyeshe: jeli ile.

Hadithi inaishia hapo. Saadat Hasan Manto aliiweka katika kitabu chembamba cha Kiurdu alichokitoa mwaka 1948, Siyah Hashiye, kilichojaa visa vya namna hiyo, vingine vya mistari miwili mitatu tu. Nimeisoma mara nyingi, na kila nikiirudia namshangaa Manto kwa jambo lilelile. Muuza barafu alikuwa wa dini gani? Hatuambiwi. Na aliyemchoma? Hatuambiwi. Tumepewa saa, tumepewa kituo cha mafuta, tumejua marehemu alikuwa akiuza nini. Swali ambalo mtu yeyote mjini siku zile angeliuliza kabla ya mengine yote, mwandishi ameliacha nje ya mlango, na msomaji anayeliuliza anajisikia akiliuliza.

Siku zile zilikuwa za Mgawanyo. Uingereza ilikuwa inafungasha virago India, na kazi ya kuchora mpaka kati ya India na Pakistan ilipewa mwanasheria Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kukanyaga India kabla ya Julai 1947. Alikuwa na wiki kama tano za kuipasua Punjab upande wa magharibi na Bengal upande wa mashariki. Mpaka wake ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru, kwa hiyo kulikuwa na wilaya zilizosherehekea bila hakika ziko nchi gani. Watu zaidi ya milioni 10 walihama makwao. Waliouawa wanakadiriwa kuanzia laki kadhaa hadi milioni moja na zaidi, wa pande zote, kwa mikono ya pande zote. Manto mwenyewe alikuwa Bombay akiandikia filamu. Mwanzoni mwa 1948 akahamia Lahore, akafia huko Januari 1955 akiwa na miaka 42. Leo Wahindi wanasema ni wao, Wapakistani nao wanasema ni wao.

Waandishi waliokabidhiwa jambo zito namna hii walikuwa na tatizo la kiufundi kabla ya tatizo jingine lolote: msimulizi asimame wapi? Akisimama mbali mno ataona takwimu. Akisogea mno atabaki anahesabu majeraha, na msomaji atafunika kitabu. Akisimama upande wa watu wake atageuka wakili wao. Waliofanikiwa walipata mahali pengine, kila mmoja pake, na ninapowasoma ninachokifuata ni hicho: miguu ya msimulizi iko wapi.

Katika hadithi ya Manto iitwayo Khol Do, mzee Sirajuddin ametoka Amritsar kwa treni ya wakimbizi. Anazinduka kambini, upande wa Pakistan, akiwa na ushungi wa binti yake mfukoni. Binti mwenyewe, Sakina, hayupo. Wakati wanakimbia ushungi ulidondoka, mzee akainama kuuokota. Hicho ndicho anachokumbuka. Vijana wa kujitolea wenye lori wanaahidi kumtafuta. Mzee anawaeleza alivyo: ana doa shavuni, ana miaka kumi na saba hivi. Vijana wanamwona Sakina njiani, wanampa koti ajisitiri kwa sababu hana ushungi. Siku zinapita. Mzee akiwauliza, wanamwambia watampata.

Kisha jioni moja anafuata machela hadi hospitalini na kuliona lile doa. Daktari anaamuru dirisha lifunguliwe, hewa iingie. Na yule msichana aliyelala kama maiti, akisikia tu amri ya kufungua, anapeleka mkono wake dhaifu kwenye kamba ya suruali yake, anaifungua, anaishusha. Baba anapiga kelele za furaha: binti yangu yu hai. Daktari analowa jasho mwili mzima.

Angalia Manto amesimama wapi. Hakuna hata sentensi moja inayosema vijana wale walifanya nini. Mambo yote mabaya yametokea katika nafasi tupu kati ya aya mbili. Mwishoni ametuweka kati ya watu wawili wanaotazama mkono mmoja, baba anayeona uhai na daktari anayeelewa. Furaha ya baba ni ya kweli, wala Manto haidhihaki. Na jasho la daktari linatufahamisha yale ambayo simulizi imeyaficha. Zaidi ya hayo, vijana wale ni wa upande wa Sirajuddin mwenyewe, wa dini yake, wa nchi yake mpya. Mwandishi aliyetaka kuwapendeza majirani zake wapya wa Lahore angeliweka kosa hilo upande wa pili wa mpaka, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliliweka mlangoni kwao. Jarida lililochapisha hadithi hiyo lilifungiwa kwa miezi kadhaa, na katika maisha yake Manto alifikishwa mahakamani mara sita kwa shtaka la uchafu wa maandishi, mara tatu chini ya Waingereza na tatu baada yao.

Hadithi yake nyingine, Toba Tek Singh, inajulikana zaidi, kwa hiyo nitaigusa sehemu moja tu. Serikali mbili zimekwisha kubadilishana wafungwa, sasa zinaamua kubadilishana na wendawazimu, na jambo hilo lilitokea kweli mwaka 1950. Ndani ya hospitali ya Lahore yumo Bishan Singh, Singasinga ambaye kwa miaka kumi na mitano amesimama wima, miguu imevimba, akitamka maneno yasiyo na maana ya Kipunjabi, Kiurdu na Kiingereza yaliyochanganyikana. Msomaji wa haraka huyaruka maneno hayo. Lakini yafuatilie: kila yanaporudi, mkia wake umebadilika. Habari za Mgawanyo zikiingia wodini, serikali ya Pakistan inaingia mwishoni mwa maneno hayo. Baadaye inatoka, na jina la mji wake linakaa mahali pake. Mtu anayedhaniwa hajui lolote anahariri sentensi yake kadiri nchi inavyohaririwa. Manto hakutuelekeza kidole hapo hata mara moja. Vilevile kuna wagonjwa wawili wa damu mchanganyiko ya Kizungu na Kihindi wanaojadiliana kwa siri kama wataendelea kupata mkate asubuhi au watalazimishwa kula chapati. Hofu yao ni ndogo, na mimi naiona kuwa ya kweli kuliko hotuba zote za mwaka ule.

Rajinder Singh Bedi alichagua kusimama ndani ya nyumba. Baada ya Mgawanyo serikali hizo mbili zilikubaliana kuwatafuta wanawake waliotekwa na kuwarudisha kwao, na India ikatunga sheria ya kazi hiyo mwaka 1949. Katika Lajwanti, Sundarlal anaongoza maandamano mitaani akiwahimiza watu wawapokee wake zao. Mke wake mwenyewe anapopatikana, anampokea kweli. Zamani alikuwa akimpiga. Sasa hamgusi kwa ubaya, anamwita mungu wa kike, na kila mama wa watu anapotaka kusimulia yaliyompata, mume anasema yaliyopita tuyaache. Mwanamke aliyerudishwa nyumbani hana wa kumsikiliza. Bedi hakuandika kisu wala moto, na sijasoma hadithi ya Mgawanyo inayouma kwa upole kama hiyo.

Bhisham Sahni alikuwa Rawalpindi machafuko yalipozuka Machi 1947. Hakuandika mara moja. Mwaka 1970 ghasia za Wahindu na Waislamu zilitokea Bhiwandi, karibu na Bombay; akaenda na kaka yake, mwigizaji Balraj Sahni, na mitaa ile iliyoungua ikamrudishia Rawalpindi. Riwaya yake ya Kihindi, Tamas, ikatoka 1974. Mwandishi mwingine angeanza na mkutano wa viongozi, au na umati uliobeba mienge. Sahni ameanza ndani ya kibanda chenye joto na giza, usiku, mtu mmoja anahangaika kumuua nguruwe.

Mtu huyo ni Nathu, mtengeneza ngozi, wa tabaka la chini. Murad Ali amempa rupia tano na kumwambia mganga wa mifugo anamhitaji nguruwe. Nathu hajawahi kuua nguruwe. Sahni hana haraka: taa inafuka moshi, kisu kinateleza, mnyama ni mkubwa na hafi, Nathu anatokwa jasho, anakata tamaa, anaanza upya, alfajiri inakaribia. Tunamwonea huruma, tunatamani amalize kazi apumzike. Hapo ndipo mwandishi ametunasa, maana asubuhi mzoga unaonekana kwenye ngazi za msikiti, na mji unaanza kuwaka. Sisi wasomaji tulikuwa ndani ya kibanda kile. Tulimtakia Nathu kila la heri. Tangu hapo hatuwezi kuzisoma ghasia zile kama kazi ya mashetani, kwa sababu mkono wa kwanza ulikuwa wa maskini aliyetumwa, nasi tulikuwa upande wake.

Mwishoni mwa kitabu linapita basi la amani lililojaa viongozi wa dini zote, na anayepaza sauti ya wito wa umoja kwa kipaza sauti ni Murad Ali. Sahni anasema, kwa kupitia tu, kwamba kama Nathu angekuwa hai angeitambua sauti ile. Kifo cha mtu tuliyekuwa naye tangu ukurasa wa kwanza tunakipata ndani ya sentensi inayozungumzia jambo jingine. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilirudi nyuma kurasa kadhaa nikidhani nimeruka kitu. Sikuwa nimeruka. Maskini hufa hivyo katika machafuko, bila ukurasa wake mwenyewe, na Sahni aliliandika jambo hilo kama lilivyo.

Sasa Amitav Ghosh, ambaye kwangu ndiye fundi wa jambo hili kuliko wote walioandika kwa Kiingereza. Alizaliwa Calcutta mwaka 1956, baada ya Mgawanyo, kwa hiyo hakuwa na kumbukumbu ya 1947 ya kuegemea. Kilichomsukuma kilitokea Delhi. Waziri mkuu Indira Gandhi aliuawa na walinzi wake Masingasinga tarehe 31 Oktoba 1984, na kwa siku kadhaa zilizofuata Masingasinga maelfu waliuawa. Ghosh alikuwa huko, kijana anayefundisha chuo kikuu. Aliungana na watu wachache walioandamana mitaani kupinga mauaji, na baadaye aliandika jinsi wanawake walivyowazunguka wanaume wa msafara ule kuwakinga walipokabiliwa na watu wenye silaha. Miaka minne baada ya ghasia hizo ikatoka riwaya yake The Shadow Lines, na ndani yake Delhi ya 1984 haimo. Amerudi nyuma hadi Januari 1964, kwenye ghasia ambazo karibu kila mtu alikuwa amezisahau.

Msimulizi wake hana jina. Alikuwa mvulana wa shule Calcutta mwaka ule. Asubuhi moja anapanda basi la shule na kukuta halijajaa. Wavulana wanaulizana kuhusu maji: kuna uvumi kwamba maji ya mji yametiwa sumu, na wote wanajua bila kuambiwa ni nani wanaosingiziwa. Mmoja anamuuliza habari za rafiki yake wa jirani, Mwislamu. Mvulana anadanganya kwamba hajaonana naye muda mrefu. Uongo huo mdogo ndio ghasia zenyewe zikiingia kwa mtoto. Hakuna aliyemgusa, na tayari amemkana mwenzake. Basi linapita mitaa mitupu, maduka yamefungwa, kundi la watu linalifukuza, dereva anakata kona. Watoto wanafika nyumbani salama. Hicho tu ndicho msimulizi alichokiona kwa macho yake.

Kumbe siku hizohizo, Dhaka, ng'ambo ya mpaka, Tridib ameuawa. Tridib ni ndugu wa ukoo aliyemfundisha kutazama ramani na kuwazia miji ambayo hajaifikia, mtu aliyempenda kuliko wote. Mtoto aliambiwa ni ajali.

Ufundi wa Ghosh uko katika subira anayotuwekea hapo. Tunajua mapema kwamba Tridib amekufa. Hatujui vipi, na msimulizi naye hajui. Riwaya inazunguka London, Calcutta na Dhaka, inaruka miaka kwenda na kurudi, na kila ikikikaribia kifo hicho inapinda. Nimewahi kusikia wasomaji wakilalamikia mzunguko huo. Mimi nauona kuwa ndio uaminifu wa kitabu: familia zilizopatwa na jambo kama hilo hazilisimulii kwa mpangilio, hulipitia pembeni, na mtoto hulijenga kwa vipande alivyoviokota mlangoni.

Wakati tunasubiri, Ghosh anatupa bibi. Ni mwalimu mkuu wa shule, mjane, mkali, mzaliwa wa Dhaka, anayeamini taifa hujengwa kwa damu. Akiwa mdogo, baba yake na baba yake mkubwa waligombana wakaigawa nyumba yao kwa ukuta. Wote walikuwa wanasheria, na walitaka haki hadi inchi ya mwisho, ukuta ukapita katikati ya choo na kukikata kiti chenyewe cha kukalia. Tunacheka, kisha kicheko kinakwama. Bibi alikuwa akimtungia mdogo wake hadithi kwamba upande wa pili wa nyumba kila kitu kiko juu chini, wanaanza chakula kwa kitu tamu na kumalizia na mchuzi. Miaka mingi baadaye, anapojiandaa kupanda ndege kwenda Dhaka, anamuuliza mwanawe kama kutoka angani ataweza kuuona mpaka: labda mahandaki, labda askari, au angalau ukanda wa ardhi tupu. Mwanawe anamcheka. Bibi hacheki. Kama hakuna kinachoonekana, anataka kujua, watu wote wale walikufa kwa ajili gani? Na Ghosh anamwachia swali lake bila kumjibia.

Bibi amekwenda Dhaka kumwokoa baba mkubwa, mzee ambaye hakuhama wala hataki kuhama. Zamani mzee huyo, kwa usafi wa dini yake, hakuruhusu hata kivuli cha Mwislamu kisogelee chakula chake. Sasa nyumba imejaa wakimbizi Waislamu, na anayemtunza ni Khalil, mwendesha riksho. Ghosh hatusisitizii. Anatuonyesha mzee amepanda riksho ya Khalil, nyuma ya gari la jamaa zake, siku ambayo hawakupaswa kutoka.

Halafu kuna maktaba. Msimulizi amekua, yuko Delhi, na mwaka 1979 marafiki zake wanabisha kwamba ghasia za 1964 hazikuwahi kutokea, maana wao hawazikumbuki. Anakwenda kutafuta magazeti ya zamani, na kinachompokea ukurasa wa mbele ni mchezo wa kriketi. Habari anayoitafuta iko chini, fupi: watu wamekufa Khulna, Pakistan ya Mashariki. Anaunganisha. Mwishoni mwa Desemba 1963 masalia matakatifu yanayoaminika kuwa unywele wa Mtume yalitoweka kwenye ziara ya Hazratbal, Srinagar. Kashmir kwenyewe watu wa dini zote waliandamana pamoja kwa huzuni, na masalia yakapatikana baada ya siku chache. Lakini maandamano ya Khulna yakageuka mauaji ya Wahindu, na Calcutta ikajibu kwa mauaji ya Waislamu.

Hapo anachukua bikari na atlasi ya Tridib. Anaweka ncha Khulna, anaivuta kalamu hadi Srinagar, maili 1,200 hivi, anachora duara. Ndani yake zinaingia nchi ambazo Khulna haijawahi kuzijali. Kisha anaweka ncha Milan, anachora duara la ukubwa uleule, na karibu Ulaya yote inamezwa. Anajiuliza ni tukio gani katika mji wa pembeni mwa duara hilo lingeweza kuwatoa watu wa Milan barabarani kuuana. Halioni, isipokuwa vita. Na bado Dhaka na Calcutta, zilizotenganishwa na mpaka wa watu wenye hakika kwamba sasa ni mbalimbali, zilifanana siku ile kuliko wakati mwingine wowote, kila moja kioo cha mwenzake.

Ukurasa huo naupenda kwa sababu ni kazi ya mikono. Mtu ameinama juu ya meza, ana chombo cha shule, anapima. Mawazo makubwa kuhusu taifa yanatoka kwenye ncha ya kalamu inayozunguka, na msomaji akitaka anaweza kuchukua atlasi yake akapima mwenyewe.

Kifo cha Tridib kinakuja mwisho kabisa, kwa mistari michache, kutoka kinywani mwa May, Mwingereza aliyekuwa kwenye gari siku ile. Ni yeye aliyeshuka kwenda kumwokoa mzee, na Tridib akamfuata. May anasimulia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuishi na jambo hilo miaka mingi. Kama Ghosh angetupa kurasa hizo mwanzoni tungesoma habari ya umati. Kufikia hapo tumekaa na Tridib, tumeizunguka nyumba ile yenye choo kilichokatwa, tumepanda basi la watoto. Wanaouawa pale ni watatu, pamoja na Khalil, na kila mmoja tunamjua anakula nini.

Ufundi huu haujaishia kwa kizazi hicho. M. G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alikwenda nao Gujarat katika The Assassin's Song ya mwaka 2007: msimulizi wake ni mrithi wa ziara iliyokuwa ya Wahindu na Waislamu kwa pamoja, aliyeukimbia urithi wake ng'ambo na kurudi baada ya ghasia za 2002. Na Geetanjali Shree, katika Ret Samadhi aliyoiandika kwa Kihindi mwaka 2018, amemchukua bikizee wa miaka themanini, mjane aliyewageuzia watu wote mgongo kitandani, akamwinua na kumpeleka Pakistan. Tafsiri yake ya Kiingereza ilishinda tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2022. Njiani Shree anatusimamisha Wagah, kwenye lango la mpaka ambako jioni wanajeshi wa pande mbili hukanyaga ardhi kwa vishindo wakishusha bendera huku umati ukishangilia, na katikati ya umati amewaleta waandishi wa Mgawanyo, Manto akiwa miongoni mwao, na Sahni, na Bedi. Amewapa viti na kuwaacha watazame, kisha bikizee anaendelea na safari, na maofisa wa upande wa pili wanapomkamata na kumhoji, anawapa somo refu la mpaka ni kitu gani.